Koti lile siliuzi

Mhariri,

Jumamosi iliyopita alikuja mezani kwangu, hapa soko la Memorial mjini Moshi, baba mmoja mtu mzima kutoka Rombo, amevaa suti ya kanisani, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Kijana wake amepata chuo China, anaondoka mwezi ujao. Akanisomea karatasi kwa sauti, taratibu, kama anasoma wosia: cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, vipimo vya afya, vyeti vya shule vilivyotafsiriwa. Mwisho kabisa, "nguo za baridi". Basi. Maneno matatu. Nikamuuliza chuo kiko mji gani, akasema jina linamshinda kulitamka ila ni kaskazini. Kisha akainua macho, akaliona koti jeusi refu linaloning'inia nyuma yangu. "Mama, nipe lile."

Nikamwambia lile siliuzi. Akadhani napandisha bei. Akataja elfu arobaini, akaenda hamsini, akafika sitini. Nilipoanza kumweleza sababu akaona namchelewesha, akaenda meza ya tatu kutoka kwangu, akapata jingine la namna hiyohiyo kwa elfu thelathini na tano. Akapita nalo mbele yangu amelilaza mkononi kama mtu aliyeshinda kesi ya kihamba, shamba la ukoo.

Sikumlaumu. Hata mimi nilimchagulia mwanangu koti kama lile, tena nikiwa mjuzi. Ndiyo maana naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua.

Nauza majaketi ya mitumba mwaka wa kumi na saba huu. Nilianzia Kiboriloni, nikahamia Memorial. Wateja wangu wakubwa si watu wa mjini, maana Moshi mjini jaketi unalihitaji Juni na Julai, asubuhi tu, na mwezi wa pili hata shuka hulitaki. Wateja wangu ni wapagazi na waongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro. Hao ndio walionifundisha mali. Jaketi la dauni, lile lenye manyoya laini ya bata ndani, belo, yaani furushi la mitumba, likifunguliwa linatoka limebanwa kama chapati. Ukilikung'uta na kulianika juani linavimba lenyewe. Lisilovimba limekufa, usilinunue hata likiwa jipya machoni. La mvua unalimwagia maji kijiko kimoja: yakikimbia kama juu ya jani la mgomba, zuri, yakizama, hilo ni la kuendea sokoni. Zipu iwe na kitambaa nyuma yake cha kuzuia upepo. Kofia iwe imeshonewa palepale. Haya nayajua nikiwa nimefumba macho.

Sasa sikia nilivyofanya.

Mwanangu wa pili, binti, alipata nafasi mwaka 2023 ya kusoma uhandisi Harbin, kaskazini mashariki mwa China, katika jimbo linalopakana na Urusi. Mwaka wa kwanza ni wa lugha, halafu ndiyo fani. Nilifurahi mpaka nikaona aibu mbele ya majirani. Nikasema, mimi muuza makoti, mwanangu apigwe na baridi? Nilikuwa kama fundi cherehani anayemwozesha bintiye. Nikafungua mabelo mawili kumtafutia, wala sikuwaruhusu wateja wachague kwanza. Nikalipata: jeusi, refu mpaka chini ya magoti, vifungo vikubwa, bitana inateleza kama hariri, ukosi wa manyoya. Zito. Binti alipolivaa akajigeuza mara mbili kwenye kioo na mimi nikatoa chozi. Jaketi la dauni lilikuwepo, tena mezani palepale, la rangi ya chungwa, limechanika kidogo begani. Nikaona mwanangu hawezi kwenda ughaibuni na kitu cha wapagazi.

Kaka yangu mkubwa alikuja kumuaga. Yeye amebeba mizigo mlimani miaka mingi, kabla magoti hayajamkataa. Akalishika lile koti, akalipima uzito, akasema, "Hili ni la kwenda kanisani kwenye ubarikio." Akaanza habari zake za usiku wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni: watu wanaanza kupanda kama saa sita usiku, na mgeni anayevaa kila alichonacho tangu mwanzo anatoka jasho njiani. Akisimama kupumzika, lile jasho linakuwa barafu ubavuni. "Jasho ndilo linaloua," akasema, "baridi inamalizia tu." Akamwambia mpwa wake avae tabaka tabaka, la ndani lisiwe la pamba maana pamba ikilowa haikauki, la katikati liwe la joto, la nje la kuzuia upepo, na avue moja kabla hajaanza kutoka jasho. Mimi nikamwambia, kaka, mtoto ana semina ya wakala wa vyuo kesho, huko watamweleza vizuri. Kaka hajawahi kupanda ndege. Nilimwona anajua mlima tu.

Semina yenyewe ilichukua nusu siku, na nililipia. Wakala simtaji, nimeshasamehe. Waliwaeleza vijana habari za viza, ada, na kwamba mgeni akifika China ajisajili polisi ndani ya saa 24. Baridi ilipata sentensi moja: "Mbebe nguo nzito." Koti letu lilikuwa zito. Tukarudi nyumbani tumeridhika.

Septemba alipofika akanitumia picha yuko na kigauni. Hali ya hewa, alisema, ni kama Kibosho juu mwezi wa saba. Nikapumua. Oktoba katikati mambo yakabadilika, na yalianzia ndani, si nje. Kumbe Harbin joto la majumbani ni la mji mzima, maji ya moto yanapita kwenye mabomba ya kila chumba, na yanafunguliwa kwa tarehe. Yanafunguliwa karibu na Oktoba 20. Kabla ya hapo hata ulie. Wiki ile mwanangu alilala na koti, na soksi, na taulo kichwani. Halafu mabomba yakafunguliwa na chumba kikawa kama mtaa wa Pasua hapa Moshi mwezi wa pili! Ndani watu wanavaa fulana. Hewa ikakauka mpaka akaanza kutoka damu puani, midomo ikapasuka, kila akishika kitasa cha mlango kinampiga shoti. Mwenzake wa chumbani, Mchina, ndiye aliyemfundisha kuweka bakuli la maji na taulo bichi juu ya bomba usiku. Hili nani angelijua huku? Sisi tunafikiri nchi ya baridi ni baridi tu, kumbe ni kutoka tanurini kwenda kwenye friza na kurudi, mara sita kwa siku. Unavaa koti zito ndani ya joto, unatoka jasho kabla hujafika mlangoni, unatoka nje na jasho lako. Kaka alikuwa amesema.

Nisimulie siku moja tu, maana nyingine zinafanana nayo.

Ilikuwa Desemba. Asubuhi hiyo ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri, na upepo. Binti anasema ukitoka mlangoni, vinyweleo vya puani vinakauka vyote kwa pamoja kama vimetiwa gundi. Amevaa koti letu, jinzi moja, raba, na glovu za sufi nilizomfumia mwenyewe. Upepo ukapita katikati ya vifungo kama vile hakuna kitambaa. Koti halina kofia ya kushonewa. Linaishia chini ya magoti na chini yake ni jinzi, na jinzi kwenye baridi ile ni kama kujifunga bati. Akafika kituo cha basi, akatoa simu. China karibu kila kitu kinalipwa kwa simu, nauli pia. Simu ikazima mkononi. Ilikuwa na chaji zaidi ya nusu. Baridi ndiyo iliyoizima. Basi likaja, akapanda, akasimama pale mbele na simu nyeusi, Kiswahili chote kichwani na Kichina cha miezi mitatu mdomoni.

Bibi mmoja wa Kichina, mfupi, amejaa nguo mpaka mikono haishuki, akamlipia kwa sarafu. Halafu akalishika koti, akalifinya kati ya vidole viwili hivi, kama ninavyofinya mimi hapa mezani, akatikisa kichwa. Akainama! Akapandisha upindo wa jinzi ya mwanangu kuangalia kama kuna suruali ya ndani. Hakuna. Ndipo akaanza kumgombeza, mbele ya basi zima, kituo hadi kituo. Binti aliambulia neno moja tu katika maneno yote yale: suruali. Anasema alicheka na huku machozi yanamtoka, na machozi yenyewe hakujua ni ya baridi au ya nini, kwa sababu yule bibi alikuwa anasema kama mimi.

Jioni akanipigia WeChat. Nimewekewa hiyo kwenye simu kwa ajili yake tu, maana WhatsApp kule imefungwa. Kwake ilikuwa saa tano usiku, kwangu saa kumi na mbili jioni, bado niko sokoni nafunga meza. Hakulalamika. Alisema tu, "Mama, vidole vya miguu vimekuwa kama si vyangu." Nikampigia kaka palepale. Kaka akauliza rangi: vimekuwa vyeupe au vigumu? Hapana. Akasema asivisugue, asiviweke kwenye bomba la joto, avipashe taratibu kwa mikono au maji ya uvuguvugu, na kama ganzi haitoki aende hospitali usiku huohuo. Ilitoka. Mimi nililala saa nane.

Kesho yake nikakopa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikamtumia. Alinunua suruali ya ndani yenye manyoya, mbili, na kule hata vijana wa kiume wanavaa na mama zao wanawapigia simu kuwauliza kama wamevaa. Akanunua buti zenye nafasi mbele, kwa sababu soksi mbili kwenye kiatu kinachobana ni mbaya kuliko soksi moja, damu haipiti. Glovu za gumba pekee, vidole vinne vikikaa pamoja vinapashana. Na jaketi la dauni refu lenye kofia. La rangi ya chungwa, Mhariri. Alinitumia picha na hakuandika neno. Mganga hajigangi.

Ninalotaka kusema kuhusu jaketi hilo linaniharibia biashara, lakini nimeamua. Alilipata kule jipya, zuri kuliko langu lolote, kwa bei ambayo hapa ningekuuzia mtumba wa daraja la kwanza. Mji unaoishi na baridi ya nyuzi 25 unajua kuuza nguo za nyuzi 25. Na nikikuonyesha lebo za majaketi yangu hapa mezani, mengi yameshonwa China. Yametoka huko, yakaenda Ulaya na Kanada, yakavaliwa misimu miwili mitatu, yakafungwa belo, yakashuka Dar es Salaam, yakapanda lori hadi Moshi, na sasa mzazi wa Rombo ananunua moja kwangu ili mtoto alirudishe kulekule lilikoshonwa. Mimi mwenyewe nacheka nikilifikiria. Kwa hiyo, mzazi, hapa kwangu nunua cha kushukia ndege: sweta mbili za flisi, nguo za ndani za kubana zisizo za pamba, kofia ya kuziba masikio, jaketi la kawaida. Halafu pesa ya koti kubwa na buti mpe mkononi, na umwambie ni ya Oktoba. Asinunulie simu. Anayekwenda muhula wa Februari au Machi ni habari nyingine, huyo anashukia kwenye barafu moja kwa moja, na jaketi la dauni aondoke nalo.

Kuna mengine ambayo hakuna koti linaloyatibu. Sisi Moshi jua linazama saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima, hatujawahi kulifikiria. Harbin mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na Juni linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri, usingizi uko katikati. Januari ile binti alianza kulala mno. Hakuumwa, ila kila kitu kilimchosha, hata kusuka nywele. Niliposikia hataki kusuka ndipo nikaogopa. Muuguzi wa chuo akamwambia atoke nje mchana jua likiwepo hata kama halina joto, na akampa vitamini D, kwa sababu ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza. Akaanza kutembea kila saa saba mchana kando ya mto Songhua, mto mkubwa ulioganda, watu wanatembea juu yake. Ndiko wanakokata barafu vipande kama matofali na kujengea majumba. Mwaka mpya wa 2024 watalii walifurika kuyaona. Pembeni mwanamke anauza aiskrimu za vijiti kwenye maboksi, nje, bila friji. Friji ya nini? Picha ile niliwaonyesha wauza aiskrimu wa stendi hapa, hawakuamini.

Krismasi alikuwa darasani, maana kule si sikukuu. Ninyi mnajua Krismasi ni nini kwa Mchaga. Barabara yote ya kutoka Dar imejaa magari yanarudi nyumbani, na mwanangu anaandika mtihani wa lugha. Alisema siku ile angelia kwa ajili ya mtori tu, ule supu wetu wa ndizi na nyama. Nikamwambia kunywa mtori nyama ziko chini, akajibu, "Mama, huku hata mtori wenyewe haupo." Lakini alikuwa amegundua kitu: Wachina nao wanatembea na chupa ya chai, na wanakunywa maji ya moto asubuhi mpaka usiku. Kila kona ya chuo kuna bomba la maji yaliyochemka. Chupa ile niliyompakia kwa hofu, nikidhani wenzake watamcheka, ndiyo kitu pekee nilichopatia.

Na nywele, wazazi wa mabinti: bafu la wanafunzi lilikuwa jengo jingine, siyo bweni. Usimruhusu atoke na rasta mbichi. Zinaganda na kugongana kama shanga.

Sasa hoja yangu. Watoto wa Kilimanjaro na Arusha wanaokwenda vyuo vya China, Urusi, Kanada na Marekani ni wengi, nawaona mimi, kila Julai na Agosti wazazi wanakuja Memorial na karatasi zilezile. Mawakala wanawafanyia semina. Shule zinawafanyia sherehe. Na katika mji huuhuu kuna wanaume mamia, na wanawake pia siku hizi, ambao kazi yao ni kumfikisha mgeni aliyezoea jua mpaka penye theluji na kumrudisha na vidole vyote kumi. Wanajua soksi, wanajua jasho, wanajua simu inavyozima na kwamba dawa yake ni kuiweka ndani karibu na mwili, wanajua kutembea kama bata penye utelezi, hatua fupi na mikono nje ya mifuko. Mzungu anawalipa wamwambie hayo. Mtoto wetu anapita mbele yao na koti la ubarikio na hakuna anayemwita. Kaka yangu anakaa kwenye benchi nje ya duka la mtoto wake, mtaa wa Majengo, siku nzima, anacheza bao. Mpeni saa mbili na vijana thelathini, mumlipe nauli na chai. Wakala aliyechukua pesa yangu angeweza kufanya hivyo na bado akabaki na faida nono.

Na kwenye zile karatasi, badala ya "nguo za baridi", andikeni mji una nyuzi ngapi Januari na joto la majumbani linafunguliwa lini. Namba haichukui nafasi.

Binti alikuja likizo mwaka jana, amenenepa, anaongea Kichina kwenye simu kwa kelele kama wanavyoongea wenyewe. Wiki ya kwanza alishinda analalamika joto la Pasua. Koti alilirudisha nalo, limepigwa pasi, kama jipya. Nimelitundika nyuma ya meza na kila siku linaulizwa bei. Leo asubuhi mama mmoja wa Machame ametaja elfu sabini. Nimemwambia akae kwanza, nikamwagizia chai, nikampigia kaka aje.

Jina na namba ya simu nimekuandikia pembeni, Mhariri, usivichapishe. Binti akisoma habari ya ile suruali atanila nyama.

Muuza majaketi,
Soko la Memorial,
Moshi